Ahadi ya Tabianchi na Moshi wa Jikoni Gare

Katika miaka ya mwanzo ya utabibu wangu nilikuwa nikimwuliza kila mgonjwa wa kifua swali moja, tena kwa maneno yaleyale: je, unavuta sigara, au uliwahi kuvuta? Akina mama wa milimani waliponijibu kuwa hawajawahi, niliandika "hapana" kwenye jalada na kuendelea na mengine. Baadhi yao waliondoka na dawa za pumu. Wengine walipimwa makohozi mara tatu au nne, wakitafutiwa kifua kikuu ambacho hawakuwa nacho. Kosa lilikuwa langu: sikuwahi kuwauliza wanapikia nini, wala wanapikia wapi.

Aliyenifungua macho ni mama mmoja wa Gare. Gare ni kata ya wilaya ya Lushoto katika milima ya Usambara. Wengi huifahamu kwa misheni ya Kikatoliki ambayo Watrapisti waliianzisha mwaka 1897, na wafanyabiashara huifahamu kwa mboga zake. Sikwenda huko kikazi. Nilikwenda msibani, mwezi wa Julai, wakati ambapo ukungu hushuka mapema na baridi huingia mifupani. Nilielekezwa jikoni nikaote moto.

"Shikamoo mama," nilimwamkia.

"Marahaba mwanangu. Si wewe ndiye daktari wa vifua? Basi karibu uuone ugonjwa nyumbani kwake."

Palikuwa na mafiga matatu, chungu cha makande, na juu yake dari ya miti iliyojaa mahindi, nyeusi kama lami. Dirisha halikuwapo. Nilikaa dakika ishirini, machozi yakinitiririka, nikatafuta kisingizio cha kutoka. Mama yule amekaa hapo tangu alipokuwa msichana, na kwa miaka mingi amekuwa akikohoa kila asubuhi. Nilipomshauri auhamishie moto nje, alinitazama kwa huruma, kama mtu anavyomtazama mgeni asiyejua njia. Moto ukitoka humu, alisema, mahindi yataliwa na dumuzi na wajukuu watalala wakitetemeka.

Nimelikumbuka jibu hilo kila ninaposoma habari za ahadi za nchi yetu kuhusu mabadiliko ya tabianchi. Tanzania iliridhia Makubaliano ya Paris mwaka 2018. Mwaka 2021 iliwasilisha mchango wake wa kitaifa, ikiahidi kupunguza gesijoto kwa asilimia 30 hadi 35 ifikapo mwaka 2030, ikilinganishwa na kiwango ambacho kingefikiwa kama hatua zisingechukuliwa. Mwezi Mei 2024 ukazinduliwa Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia, wenye lengo la kuwafikishia nishati hiyo asilimia 80 ya Watanzania ifikapo mwaka 2034. Na mwezi huohuo Rais Samia Suluhu Hassan alikuwa mmoja wa wenyeviti wa mkutano wa Paris uliojadili nishati safi ya kupikia barani Afrika. Kabla ya hapo serikali ilikwisha kuziagiza taasisi zinazohudumia watu zaidi ya 100 kwa siku ziache kuni na mkaa. Kwa takwimu za serikali yenyewe, nchi hupoteza zaidi ya hekta 460,000 za misitu kila mwaka, na kuni na mkaa, pamoja na upanuzi wa mashamba, ni miongoni mwa sababu kuu. Kwa hiyo jiko la mama wa Gare ni sehemu ya hesabu inayopelekwa Umoja wa Mataifa, japo yeye hajapata kuisikia.

Wapo wenzangu wanaouliza kwa nini mzigo huu tubebeshwe sisi, ilhali mchango wa Tanzania katika gesijoto za dunia haufiki hata asilimia moja. Swali ni la haki, na wanaoiwakilisha nchi katika mikutano hiyo wana wajibu wa kuendelea kuliuliza na kudai fedha zilizoahidiwa. Hata hivyo mimi ni tabibu wa mapafu, na mapafu hayangoji haki ya mataifa. Nishati safi ningeitetea hata kama tabianchi isingebadilika kwa nyuzi moja.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa moshi wa majumbani ulisababisha vifo milioni 3.2 duniani mwaka 2020. Hapa nchini serikali hutaja takribani vifo 33,000 kwa mwaka. Mwaka 2021 shirika hilo lilishauri kuwa wastani wa vumbi laini katika hewa kwa mwaka usizidi mikrogramu 5 katika kila mita ya ujazo, ilhali jiko la kuni lililofungwa hufikia mamia. Chembe hizo ni ndogo kiasi cha kupenya hadi kwenye vifuko vya hewa vya ndani kabisa. Kwa mtu mzima huziba njia za hewa polepole, bila kelele, mpaka siku anaposhindwa kupanda kilima alichokuwa akikipanda na mzigo wa kuni kichwani. Kwa mtoto aliyefungwa mgongoni mwa mama anayepika, hatari ya maambukizi ya mapafu hukaribia kuwa maradufu. Mjamzito huweza kujifungua mtoto mwenye uzito pungufu. Moyo nao huathirika, na macho pia: mtoto wa jicho huwapata mapema zaidi wale wapikao kwa kuni.

Baada ya kusema hayo, sina budi kusema pia jambo ambalo watetezi wa nishati safi hupenda kulipita kimya. Nchini Malawi ulifanyika utafiti mkubwa, matokeo yake yakachapishwa mwishoni mwa mwaka 2016: zaidi ya watoto 10,000, nusu ya kaya zikipewa majiko bora yenye feni na nusu zikiendelea na moto wa kawaida. Nimonia haikupungua. Wengi wetu tulisikitika, na wapo waliofanya haraka kutangaza kwamba majiko hayana faida. Mimi nayasoma matokeo yale kwa namna nyingine. Jiko lililo safi zaidi halimlindi mtoto iwapo kuni zinaendelea kuwaka pembeni yake, iwapo moshi wa jirani unaingia, na iwapo takataka zinachomwa uani. Kifaa kimoja kilipelekwa, lakini hewa aliyoivuta mtoto haikubadilika vya kutosha.

Hapo ndipo ninapoitilia shaka namna tunavyoitekeleza ahadi yetu. Mkakati unazungumzia kupikia, na kule Gare moto hufanya kazi tatu: hupika, hupasha nyumba joto, na hukausha mahindi darini huku ukiyafukuzia wadudu. Mtungi wa gesi wa kilo 6 hufanya kazi moja tu kati ya hizo. Ni jambo jema kwamba mitungi hiyo imeuzwa vijijini kwa ruzuku ya nusu bei kupitia Wakala wa Nishati Vijijini. Lakini ruzuku ni ya kuununua. Kuujaza tena ni zaidi ya shilingi 20,000, na kuni za miwati na mikaratusi zipo nyuma ya nyumba bila bei, isipokuwa mgongo wa mwanamke, ambao hatujazoea kuuhesabia bei. Tena nani atachemsha makande kwa gesi kwa saa tatu?

Taarifa nyingi ninazozisoma huhesabu mitungi iliyogawiwa. Ningependa zihesabu mitungi iliyojazwa mara ya pili na ya tatu. Ningependa pia umeme upewe nafasi kubwa zaidi, maadamu Bwawa la Julius Nyerere lenye mitambo tisa na uwezo wa megawati 2,115 limekamilika. Jiko la umeme la presha huivisha maharage kwa muda mfupi na kwa umeme usio mwingi. Gesi ya mitungi, tusisahau, nayo ni mafuta ya kisukuku yanayoagizwa kutoka nje. Ni heri kuliko moshi, ila siyo mwisho wa safari.

Usambara ina kumbukumbu zake kuhusu maagizo. Baada ya Vita Kuu ya Pili, serikali ya kikoloni iliwalazimisha wakulima wa milima hii kulima kwa matuta ili kuzuia mmomonyoko, ikianzia Mlalo mwaka 1946. Kitaalamu hoja yake haikuwa ya kupuuzwa: udongo ulikuwa ukiporomoka kweli. Lakini kazi iliongezeka, hasa kwa wanawake, faida haikuonekana, na walioshindwa walitozwa faini. Watu walikataa, na mpango ukavunjika kabla ya uhuru. Mradi wa kuhifadhi udongo ulioanza Lushoto mwaka 1981 kwa msaada wa Wajerumani ulipokelewa vizuri zaidi, kwa kuwa majani yaliyopandwa kukinga mteremko yalikuwa pia chakula cha ng'ombe wa zizini.

Nawaomba basi wahudumu wenzangu tuanze na lililo mikononi mwetu. Kila mgonjwa wa kikohozi, kila mjamzito, kila mama aliyemleta mtoto mwenye nimonia, aulizwe: unapikia nini, ndani au nje, na nani hukaa karibu na moto? Tusiulize kwa sauti ya kulaumu. Atakayesema hana uwezo wa gesi ashauriwe yanayowezekana leo: kuni zilizokauka vizuri, jiko banifu lenye dohani, dirisha lililo mkabala na mlango, mtoto akae mbali wakati wa kupika. Mahindi yaliyokauka barabara huhifadhika katika mifuko maalumu isiyopitisha hewa, na wadudu hufa humo bila moshi wala dawa. Mfuko huo huuondolea moto kazi moja, na mara nyingi ndiyo kazi inayoufanya ubaki ndani. Blanketi za kutosha huuondolea nyingine.

Nawe mgonjwa unayesoma haya, usiingize kamwe jiko la mkaa chumbani unapolala, hata baridi iwe kali kiasi gani. Mkaa hautoi moshi wa kuonekana, lakini hutoa hewa yenye sumu isiyo na harufu, na aliyelala haamki kuikimbia. Kikohozi kikizidi wiki mbili, nenda ukapimwe kifua kikuu kwanza. Kisipoonekana, mweleze mhudumu habari za moto wako, hata kama hajakuuliza.

Yule mama alikuja kupimwa. Kipimo cha kupuliza kilionyesha njia za hewa zilizoziba kwa muda mrefu, na dawa ya kuvuta imempunguzia kubanwa usiku, ingawa kilichopotea hakirudi. Nilipomtembelea mara ya mwisho, mtungi wa gesi ulikuwa sebuleni, umefunikwa kitambaa cha kufuma. Uliisha tangu Pasaka. Kuujaza, alinieleza, ni kumlipa pia kijana wa bodaboda, kwenda na kurudi. Chai niliyokunywa ilichemshwa kwenye mafiga, na dari bado ilikuwa na mahindi. Safari hii nilikuwa na kadi yake mkononi, na mahali ambapo zamani ningeandika "havuti sigara" niliandika: kuni, ndani, miaka hamsini, dohani hakuna.