Shukuru Saa Ile Ile



Kazi moja ya karani wa parokia ni kuandika nia za Misa. Watu huja na sadaka yao, nami nauliza, "Tuandike nini?" Nyingi ni za marehemu, na za wagonjwa, na za mtoto anayengoja matokeo ya mtihani. Ni nia njema kabisa. Lakini mgonjwa akiisha kupona, mtoto akiisha kufaulu, ni wachache wanaorudi na kusema, "Karani, andika shukrani." Someni tena habari ya wale wakoma kumi katika Luka, sura ya 17. Kumi walipaza sauti kuomba. Aliyerudi ni mmoja, naye alikuwa Msamaria, mgeni.

Nafikiri sababu si moyo mbaya. Twaiahirisha tu. Twasema, nitashukuru usiku kabla ya kulala, au Jumapili kanisani. Usiku ukifika usingizi watushika, na furaha ya asubuhi imekwisha kupoa. Bikira Maria hakungoja kurudi Nazareti; alimtukuza Mungu pale pale nyumbani kwa Elizabeti, vumbi la safari likiwa bado miguuni. Nasi twaweza kufanya hivyo, hata kwa maneno matatu.

Hapa Pemba sisi Wakristo tu wachache, na majirani zetu karibu wote ni Waislamu. Mwulize mzee yeyote njiani hali yake, atajibu kwanza "Alhamdulillahi," ndipo aseme mguu unamwuma. Wengi wetu twaanza na mguu. Na hali katika Misa, somo likiisha, sote twaitika "Tumshukuru Mungu." Itikio hilo halikufungiwa kanisani.

Chukueni siku moja ya msimu wa karafuu. Alfajiri, kabla ya kwenda shamba, fanya ishara ya msalaba na kumtolea Mungu siku yako. Mkarafuu ni mti mrefu, na matawi yake huvunjika upesi; watu huanguka, na wengine hufa. Basi mchumaji akiisha kushuka, miguu ikikanyaga chini, hapo pana sala. Aseme, kikapu kikiwa bado mkononi, "Asante, Bwana, nimeshuka." Mama aliyeanika karafuu juu ya majamvi, akaona wingu jeusi linapita bila mvua, naye ana sala yake. Saa sita mchana ni Malaika wa Bwana. Kama kengele haisikiki, jua la utosini latosha. Acheni kazi, simameni, baba aanze na watoto waitike. Danieli katika nchi ya ugeni alipiga magoti mara 3 kila siku kumshukuru Mungu, hali akijua kwamba amri ya mfalme yakataza. Sisi hatukatazwi na mtu.

Jioni, watu wakikaa kuchambua karafuu, vidole vina kazi lakini midomo haina. Fungu moja la Rozari katika Matendo ya Furaha lafaa sana. Au kila mtoto ataje jambo moja la siku ile lililompendeza. Akitaja muhogo wa nazi, msimcheke, ametaja vema.

Lakini mtu ataniuliza, na mwaka karafuu zisipozaa? Mkarafuu hauzai sawa kila mwaka, nasi twaijua miaka ya mikono mitupu. Swali hili ni la haki. Mtume Paulo aliwaandikia Wafilipi habari za furaha naye yu kifungoni. Hakuishukuru minyororo, aliwashukuru watu waliomkumbuka na kumpelekea msaada. Kwa hiyo aliyefiwa asilazimishwe kucheka. Amlilie Mungu, maana zaburi nyingi ni za kulia. Ila akumbuke kama yupo aliyemletea maji au uji siku ile, amtaje huyo mbele ya Mungu kwa jina.

Tena furaha yetu iwe na macho. Mwaka 1872 tufani iliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, ya Pemba ikasalimika, na baada ya hapo Pemba ikawa mbele kwa karafuu. Ilikuwa neema, lakini ilikuja pamoja na msiba wa wengine. Na waliochuma mikarafuu ile walikuwa watumwa, mpaka sheria ya mwaka 1897 ilipowafungulia mlango wa uhuru. Nadhani mwenye shamba anayekwenda kumshukuru Mungu kwa mavuno yafaa awe amekwisha kumlipa mchumaji pishi zake zote. Kama bado, alipe kwanza, ndipo apige magoti.

Basi, mkienda kwa karani wa parokia yenu kuandikisha Misa ya shukrani, msione haya kuitaja sababu yenyewe. Mkisema "shukrani" tu, tutaandika. Lakini twafurahi zaidi kuandika: mtoto amezaliwa salama, baba amerudi kutoka baharini, kisima kimepata maji. Padre akiisoma, hata wale waliokaa nyuma kabisa watajua wafurahi nanyi kwa lipi.