Kiti Kizuri na Jasho Lisilolipwa

Hapa Moshi tunajua kutambua kazi njema. Tukiingia katika nyumba ya mzee kule Marangu au Kibosho na kukuta kabati la kale ambalo milango yake ingali ikifunga barabara, twalisifu. Lakini twasahau kuuliza: aliyelitengeneza alilipwa nini? Na kwa nini mwanawe amekataa kushika randa?

Hatukatai kwamba wapo mafundi wanaokula malipo ya awali na kumzungusha mteja. Hao wanadhulumu, na waambiwe. Lakini dhuluma iliyo kubwa zaidi ni yetu sisi wanunuzi.

Kiti si mbao tu. Ubao lazima ukaushwe kwa subira, la sivyo utapinda. Ulimi hukatwa uingie sawasawa katika tundu lake, usitegemee msumari. Hizo ni siku za kazi za mtu aliyejifunza kwa miaka. Tunapombana ashushe bei mpaka ibaki gharama ya mbao peke yake, tumemwambia kwamba mikono yake ni bure. Kisha deni lake twalilipa kwa miezi, ilhali dukani twalipa papo hapo, bila kunung'unika, kwa kabati la vumbi la mbao lililogandishwa kwa gundi, ambalo likilowa huvimba na kutupwa.

Msitu nao unadhulumiwa. Uchunguzi uliofanywa kwa ndege mwaka 2001 uliona mikulo zaidi ya 2,000 iliyokatwa katika misitu ya Kilimanjaro. Mwaka 2005 msitu huo uliingizwa katika Hifadhi ya Taifa. Basi anayedai leo kitanda cha mkulo wa mlimani kwa bei ya kutupa anamtuma mwenzake kuiba. Mgrivilea wa kihambani ukikaushwa vema na kushikwa na fundi hodari hutoa samani za heshima. Tena atumiaye mti na apande mti: hayati Sebastian Chuwa wa Moshi alionyesha njia mwaka 1996 alipoanzisha, pamoja na James Harris wa Marekani, mradi wa kuhifadhi na kupanda mipingo.

Nasi kanisani tusijitoe. Kila Mei 1 twamkumbuka Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi, sikukuu iliyowekwa na Papa Pio wa Kumi na Mbili mwaka 1955. Je, ni haki kumwimbia seremala wa Nazareti, kisha kujaza ukumbi wa parokia viti vya plastiki, huku seremala jirani amekaa bila kazi?

Kwa hiyo twadai mambo matatu. Parokia, shule na ofisi zimfikirie kwanza fundi wa hapa. Bei ipatanwe kwa kuhesabu siku zake za kazi, na ilipwe siku kazi inapokabidhiwa. Na kila anayeagiza samani aulize mbao zimetoka wapi.

Asiyefanya hivyo asijisifu kwamba anapenda kazi ya mikono. Anapenda kiti, mtu aliyekitengeneza hamjali.