Nyumba Isiyo na Mafiga

Huku Lupaso mtu haiti nyumba kile kisicho na mafiga. Waweza kusimamisha kuta, ukaezeka bati na kuweka kitanda kizuri. Pakikosekana mahali pa kupikia, umejenga ghala. Ajabu ni kwamba tukifika chuo kikuu jambo hili tunalisahau. Kila tunapowajengea vijana mabweni, tunahesabu vitanda tu, majiko hatuyahesabu.

Tazama hosteli zilizofunguliwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam tarehe 15 Aprili 2017: majengo 20, shilingi bilioni 10, wanafunzi 3,840. Gawanya, upate kama shilingi milioni 2.6 kwa kitanda kimoja. Ni kazi ya kusifiwa, maana vijana wa Mlimani walikuwa wakibebana, wawili kitanda kimoja, wakilala mzungu wa nne. Lakini vipimo vyote hivyo ni vya kulala. Kula je?

Asili ya kosa hili ni ya zamani. Marehemu Rais Benjamin Mkapa, mzaliwa wa kijiji hiki, aliposoma Makerere hadi mwaka 1962, chuo kiliwalisha wanafunzi wake. Hata Mlimani ilikuwa hivyo: bwalo lilipika, mwanafunzi akala, akarudi vitabuni. Bweni lisilo na jiko lilikuwa na maana, kwa kuwa jiko lilikuwa bwaloni. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 ikaja sera ya kuchangia gharama, na chakula kikawa mzigo wa mwanafunzi na mzazi wake. Sera ilibadilika, ramani ya jengo ikabaki ileile.

Mwaka 2022 Serikali ilipandisha fedha ya kujikimu ya wenye mikopo kutoka shilingi 8,500 hadi 10,000 kwa siku. Tunashukuru. Lakini asiye na mkopo afanyeje? Mzazi wake anategemea korosho, na fedha ya korosho huja kwa msimu. Alichonacho nyumbani ni unga wa muhogo, mbaazi na kunde. Angeweza kupakia kiroba kwenye basi la Dar es Salaam. Kitapikwa wapi? Kanuni za mabweni mengi zinakataza kupika chumbani. Basi kijana hupika kwa kujificha, hita ya umeme imesogezwa chini ya kitanda, karibu na godoro.

Wakubwa watasema kanuni ni kwa ajili ya usalama. Kweli, moto hauna mchezo. Mwaka 2009, katika sekondari ya Idodi mkoani Iringa, wasichana 12 walikufa bwenini, na ilielezwa kuwa chanzo ni mshumaa wa kusomea. Somo lake ni kwamba haja haizuiwi kwa katazo. Aliye gizani atawasha mshumaa. Mwenye njaa atawasha hita. Jiko la halali, lenye kuta za matofali, dirisha pana na mtungi wa gesi uliofungiwa nje, ni salama kuliko katazo lililobandikwa mlangoni.

Wengine watasema fleti ni anasa. Fleti ninayoisema ni vyumba vinne vya wawili wawili, choo, bafu, na jiko moja la watu wanane. Hapo anasa iko wapi? Gharama itapanda, sikatai. Lakini gharama hiyo inalipwa hata sasa. Mlipaji ni mzazi, sahani moja moja, kwa miaka mitatu au zaidi.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mwanafunzi wa miaka mitatu si mgeni. Mpe mwiko. Wanane wakipeana zamu watajifunza kugawana kidogo walichonacho, na mvulana atajua kuwa ugali haujipiki.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, mkubwa akija tena kukata utepe na kututajia idadi ya vitanda, tumpigie makofi. Kisha tumwulize jiko liko wapi.