Roboti wa anga za mbali akitua vitani, atampiga nani?

Wadau, leo naweka kando mambo ya seva na hifadhidata. Nataka tuzungumze kuhusu filamu ya katuni. Ndiyo, katuni, na usicheke kwanza.

Filamu yenyewe ni The Iron Giant ya mwaka 1999, iliyoongozwa na Brad Bird. Haikuuza sana kwenye kumbi za sinema wakati ule, lakini waliokuja kuiona baadaye nyumbani hawajaisahau. Imetokana na kitabu cha watoto cha Mwingereza Ted Hughes cha mwaka 1968, ila walioitengeneza waliihamishia hadithi Marekani, jimbo la Maine, Oktoba 1957. Mwezi huo Muungano wa Kisovieti ulikuwa umerusha Sputnik, satelaiti ya kwanza ya binadamu, na Wamarekani walikuwa wakitazama juu kwa hofu. Shuleni watoto wanaonyeshwa jinsi ya kujificha chini ya madawati bomu la nyuklia likija (kana kwamba dawati litasaidia!). Katikati ya hofu hiyo linaanguka jitu la chuma kutoka anga za mbali. Halimjui Mmarekani wala Mrusi. Kichwa kimepondeka na limesahau hata lilitoka wapi. Linakula vyuma, basi. Rafiki yake ni mtoto mmoja, Hogarth.

Sasa kuna mahali ambapo mtu yeyote anayeandika programu lazima akae wima kitini. Hogarth anacheza, anamwelekezea rafiki yake bunduki ya mchezo, kile kitoi cha plastiki. Macho ya jitu yanageuka mekundu na linafyatua. Mtoto anaokolewa na mtu mzima aliyemvuta pembeni. Jitu likirudiwa na fahamu linashtuka na kukimbia, maana halikukusudia. Ndani yake kulikuwa na amri iliyoandikwa na mtu fulani, huko lilikotoka, na ukiitafsiri kwa lugha yetu ingesomeka hivi:

kama (silaha imeelekezwa kwangu) basi piga

Mstari mmoja tu! Kimantiki hauna kosa lolote. Ukiupitisha kwenye majaribio yako utafaulu mara elfu. Lakini hakuna aliyemwambia jitu kwamba duniani kuna watoto, na kwamba watoto hucheza na bunduki za bandia.

Mtu ataniuliza, mbona usizungumzie Transformers ya mwaka 2007? Pale roboti anajigeuza helikopta ya Marekani, anaingia kambi ya jeshi huko Qatar na kuanza kunyonya data kwenye mtandao wao. Nilifurahia milipuko kama kila mtu. Lakini wale walikuja na vita vyao wenyewe na adui wanamjua kwa jina, hivyo hawana la kutufundisha hapa. Mimi namtaka yule mgeni asiyejua lolote, kwa sababu naona ndiye anayefanana na mashine tunazotengeneza sisi.

Hebu fikiria roboti huyo akitua leo. Mpe kamera bora kuliko zote, mpe rada, mpe kifaa cha kuona joto la mwili usiku. Bado hatajua adui ni nani. Uadui hauonekani kwenye picha. Joto la mwili lina kipimo, kasi ya gari ina kipimo, urefu wa mtutu una kipimo. Uadui ni mapatano ya watu, tena hubadilika: jana walikuwa wakipigana, leo wamekaa chini ya mti wanakula mbuzi wa amani. Kamera haijui.

Chukua mfano wa huku kwetu. Kaskazini mwa Kenya, tuseme Turkana, kuna mwanamume ana bunduki begani na mbele yake kuna mbuzi 60. Huyo anaweza kuwa polisi wa akiba, aliyepewa bunduki na serikali yenyewe alinde kijiji. Anaweza kuwa mwizi wa mifugo anayeondoka na mbuzi wa watu. Anaweza kuwa mwenye mbuzi aliyewafuata wezi, akawanyang'anya na sasa anarudi nyumbani. Kutoka juu, kwenye skrini, hao watatu ni picha moja. Mzee wa pale angekuambia tofauti yao kwa dakika moja, tena kwa kutazama tu alama za masikio ya mbuzi na upande wanaoelekea. Maarifa hayo hayamo kwenye picha, na huwezi kuyatoa kwenye picha hata ukiongeza kompyuta kiasi gani.

Na mashine za kivita hukosea hata mambo yaliyo rahisi kuliko hayo. Kisa ninachokipenda kuwasimulia vijana wanaoanza kazi hii ni cha Dhahran, Saudi Arabia, tarehe 25 Februari 1991, wakati wa Vita vya Ghuba. Marekani ilikuwa na mitambo ya Patriot ya kudungua makombora ya Scud ya Iraq. Saa ya ndani ya mtambo ilihesabu muda kwa sehemu za kumi za sekunde. Tatizo ni kwamba sehemu moja ya kumi haiandikiki kikamilifu kwa sifuri na moja, kama vile theluthi isivyoandikika kikamilifu kwa desimali, unabaki na 0.333 isiyoisha. Mtambo uliihifadhi namba hiyo kwa biti 24 na kukata mabaki. Kosa lenyewe ni dogo mno, kama sekunde 0.000000095 kila hesabu. Ukiwasha mtambo saa chache, hakuna neno, na ndivyo ulivyotarajiwa kutumika: uhamishwe hapa na pale Ulaya kupambana na ndege. Dhahran ulikuwa umewashwa zaidi ya saa 100 mfululizo. Zidisha mwenyewe. Saa ilikuwa imepotea theluthi moja ya sekunde hivi, na Scud huenda zaidi ya mita 1,600 kwa sekunde. Mtambo ukatafuta kombora mahali ambapo halikuwepo, umekosea kwa zaidi ya nusu kilomita, ukahitimisha hakuna kitu. Kombora likaanguka kwenye bweni la wanajeshi. Wamarekani 28 wakafa.

Linaloniuma zaidi ni kwamba kosa lilishajulikana. Waisraeli walikuwa wamelitolea taarifa wiki mbili kabla. Wenye mitambo wakatumiwa ujumbe kwamba kuiwasha kwa muda mrefu sana kunaweza kuleta shida, bila kuambiwa muda mrefu sana ni saa ngapi! Programu iliyosahihishwa ilifika Dhahran tarehe 26, siku moja baadaye. Na mtambo kuzimwa na kuwashwa upya ingechukua dakika moja au moja na nusu, saa ingeanza tena kwenye sifuri. Wale mnaopokea simu za wateja mnaijua tiba hiyo: zima, washa.

Miaka 12 baadaye, Machi 2003, Patriot hiyo hiyo ikafanya kosa la upande wa pili. Ndege ya Uingereza aina ya Tornado ilikuwa inarudi kituoni Kuwait kutoka Iraq, na mtambo ukaisoma kama kombora linaloushukia. Askari waliokuwa kwenye skrini walikuwa na dakika moja hivi ya kuamua. Wakafyatua, na watu wawili waliokuwa ndani yake wakauawa na marafiki zao. Siku chache baadaye, tarehe 2 Aprili, ikadungua ndege ya Wamarekani wenyewe na rubani wake akafa.

Najua jibu ambalo wenzangu wengi watalitoa: weka binadamu mbele ya kitufe, yaishe. Nalikubali nusu. Mwaka 1988, tarehe 3 Julai, meli ya kivita ya Marekani USS Vincennes ilidungua ndege ya abiria ya Iran Air juu ya Ghuba. Watu 290 walikufa, 66 kati yao watoto. Na katika kisa hicho mashine ilikuwa sahihi. Kumbukumbu za kompyuta za meli zilionyesha ndege inapanda. Mabaharia, ambao wakati huo huo walikuwa wakirushiana risasi na boti za Iran, waliamini inashuka kuwashambulia. Binadamu alikuwepo, tena wengi. Alichokosa ni utulivu na muda, na hofu ikamsomea namba kinyume.

Linganisha na Stanislav Petrov, afisa wa Kisovieti aliyekuwa zamu usiku wa 26 Septemba 1983. Mfumo wa satelaiti ulimwambia Marekani imerusha makombora, ukahesabu matano. Yalikuwa ni miale ya jua iliyoakisiwa na mawingu. Petrov hakulijua hilo, lakini alijua mambo mawili ambayo hayakuwa ndani ya programu: kwamba anayeanza vita vya nyuklia haanzi na makombora matano, na kwamba mfumo wenyewe ulikuwa mpya na haukuwa wa kuaminika sana. Akaripoti kwamba ni hitilafu. Tunaweza kuzungumza leo kwa sababu mtu huyo alikuwa na ruhusa, hata kama ni finyu, ya kutoiamini skrini.

Hapo ndipo ninaposimama mimi. Binadamu wa kubonyeza "sawa" ndani ya sekunde 20 simhesabu kuwa binadamu kazini, ni sehemu ya programu yenye mshahara. Ninayemtaka ni yule mwenye muda, mwenye habari kutoka nje ya mfumo, na asiyefukuzwa kazi akisema hapana.

Wengine wataona haya ni mambo ya Wazungu na vita vyao. Lakini silaha ya kwanza inayojiamulia yenyewe Afrika tunaijua sana, ni bomu la kutegwa ardhini. Lile ni roboti kamili ukifikiri vizuri. Lina kihisio kimoja na mstari mmoja:

kama (kuna uzito) basi lipuka

Halijali kama uzito ni wa askari, wa mama aliyebeba maji au wa ng'ombe. Halijui hata kama vita vimekwisha. Msumbiji vita viliisha mwaka 1992, na nchi ikatangazwa kuwa haina tena mabomu hayo yanayojulikana mwaka 2015. Miaka 23 ya kupapasa ardhi kwa vijiti, kwa mbwa na hata kwa panya waliofunzwa Morogoro, ili kuzima programu ya mstari mmoja!

Dunia ilipata mkataba wa kuyapiga marufuku, uliosainiwa Ottawa mwaka 1997, na mkutano wa kwanza wa kuutathmini ulifanyika Nairobi mwishoni mwa mwaka 2004. Nairobi, jamani. Kwa hiyo nikisikia mtu anasema mashine za kuua haziwezi kuwekewa sheria, namkumbusha kwamba sheria ya namna hiyo ilishajadiliwa hapa mjini. Ni kweli pia kwamba mwaka 2025 Finland, Poland, Estonia, Latvia na Lithuania zilitangaza kujitoa kwa kuihofia Urusi. Nawaelewa hofu yao. Ardhi yao haitaelewa.

Sasa kihisio kimekuwa kamera na mstari mmoja umekuwa mtandao wa neva wenye mamilioni ya namba ambazo hata aliyeufunza hawezi kuzisoma. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa waliandika mwaka 2021 kwamba huko Libya, mwaka 2020, wapiganaji waliokuwa wakirudi nyuma walifuatwa na droni, na wakataja Kargu-2 ya Uturuki kama mfano wa zile zilizopangwa kushambulia bila kuhitaji mawasiliano na mwendeshaji. Ripoti haikusema wazi kama kuna aliyeuawa na droni iliyojiamulia. Desemba 2023 nchi 152 ziliunga mkono azimio la Baraza Kuu kwamba jambo hili lishughulikiwe, na Katibu Mkuu António Guterres alitaka mkataba uwe umepatikana kufikia mwaka 2026. Azimio si mkataba, bila shaka.

Mimi si mwanadiplomasia, ni mtu wa kibodi, kwa hiyo niseme na wenzangu wa kibodi. Nairobi kuna vijana wengi ambao kazi yao ya kila siku ni kuchora visanduku kwenye picha na kuandika: gari, mtu, jengo. Malipo ni kwa idadi, na picha zinakotumika si jambo wanaloambiwa. Mwaka 2018 wafanyakazi wa Google walipinga Project Maven, mradi wa jeshi la Marekani wa kuchambua picha za droni, hadi kampuni ikasema haitaongeza mkataba. Februari 2025 kampuni hiyo hiyo iliondoa kwenye kanuni zake ile ahadi ya kutotengeneza silaha kwa akili bandia. Ahadi za kwenye tovuti hufutwa kama ukurasa mwingine wowote.

Kwa hiyo ukiletewa kazi ya kutambua watu kwenye picha zilizopigwa kutoka juu, uliza kwa maandishi zinakwenda kwa nani, na uliza mfumo utafanya nini ukiwa na shaka. Je, utasubiri mtu, au utachagua jibu lenye asilimia kubwa na kuendelea? Na uombe sanduku moja zaidi kwenye orodha ya majibu, lenye neno "sijui". Katika kazi nilizowahi kuziona za aina hii, sanduku hilo ama halikuwepo, ama ukilibonyeza sana unapunguziwa malipo.