Tumechoka Kuimba Asante

Kila mgeni akija kambini, tunaitwa kuimba. Akina mama mbele, watoto nyuma yao, ngoma pembeni. Wimbo ni mmoja tu: asante. Jamani, mimi nimechoka, na sisemi hivi kwa kukosa adabu. Nasema kwa sababu nyimbo za watu wanyonge hazikuanza hivyo.

Chukueni ule wimbo mkubwa wa wafanyakazi wa dunia, Internationale. Maneno yake aliyaandika Eugène Pottier mwezi Juni 1871, akiwa mafichoni Paris, baada ya utawala wa wafanyakazi wa mji ule, Komyuni, kuzimwa kwa damu. Alikimbilia Uingereza, kisha Marekani. Nyuma kwao akahukumiwa kifo. Hakurudi mpaka 1880, msamaha ulipotolewa. Huyo ni nani kama siyo mkimbizi? Muziki wake ulitungwa 1888 na Pierre De Geyter, fundi wa mbao wa mji wa Lille, kwa ajili ya kwaya ya wafanyakazi. Wimbo ule haumsubiri mwokozi. Unawaambia watu wajikomboe wenyewe.

Halafu wakubwa wakauchukua. Mpaka 1944 ulikuwa wimbo wa taifa wa Umoja wa Kisovieti, chini ya Stalin. Uliotungwa kuwapinga wenye nguvu ukawa wa kuwapigia saluti.

Na kwetu je? Wazee wetu wa Cabo Delgado walivuka Ruvuma kwenda kukata mkonge Tanganyika, na huko wakajifunza kuunda vyama. Mueda, tarehe 16 Juni 1960, watu walikusanyika kudai haki zao, wakapigwa risasi. Mwaka 1962 Frelimo ikaundwa Dar es Salaam. Tarehe 25 Septemba 1964 vita vikaanza Chai, humuhumu mkoani mwetu. Ukaja uhuru wa 1975, na wimbo wa taifa ukakisifu chama kwa jina lake, hadi ulipobadilishwa 2002. Tukaimba pia Kanimambo Frelimo. Kanimambo ni neno la kusini, maana yake asante. Mnaona njia ilivyopinda? Tulianza na kudai, tukaishia kushukuru.

Sasa tumekimbia. Mocímboa da Praia ilishambuliwa Oktoba 2017, Palma Machi 2021. Nyumba zimeungua, ngalawa zimebaki ufukweni, gesi ya Afungi iko palepale. Na sisi tunaimba asante kwa mchele.

Mashehe wanatukumbusha kwamba asiyewashukuru watu hamshukuru Mungu. Kweli kabisa. Ila shukrani inayopangwa foleni siyo shukrani, ni kodi. Wengine wananinong'oneza, "Nyamaza wewe, utafutwa kwenye orodha." Basi hapo ndipo penye ugonjwa wenyewe! Mtu anayeogopa kufutwa hawezi kukuambia ukweli, hata akikuimbia siku nzima.

Nanyi ndugu zetu wa mashirika, msinune. Ninyi pia ni wafanyakazi. Mna mikataba, mna mishahara, na mshahara ukichelewa hamwimbi, mnauliza. Lakini kijana wetu anayezunguka juani na kipaza sauti, akifundisha watu kunawa mikono, mnamwita mjitoleaji na kumpa fulana. Kazi ni kazi, bwana. Mlipeni.

Sikatai kuimba. Akina mama wa pwani wana tufo yao, Wamakonde wana mapiko yao, na ngoma hizo zinajua kusema. Waacheni watunge wenyewe. Waimbe kuhusu majina yaliyoruka kwenye orodha, kisima kilichokauka, binti anayeogopa kwenda kuni peke yake, mvuvi aliyekaa bila wavu. Waimbe wanataka kurudi lini, na nani atawalinda wakirudi.

Mgeni akitaka kupiga picha, apige. Lakini mkalimani akae karibu naye, amtafsirie neno kwa neno.