Maandishi ya Mfuko ni Ahadi kwa Mfugaji

Mfugaji anunuapo mfuko wa madini kwa ajili ya ng'ombe wake wa nyama, hununua kitu asichoweza kukipima kwa jicho wala kwa ulimi. Unga wenye fosforasi ya kutosha na unga wa chokaa iliyochanganywa na chumvi hufanana. Kinachobaki cha kumwongoza ni maandishi yaliyo juu ya mfuko. Maandishi hayo yakiwa pungufu au ya uongo, mfugaji ameibiwa hata kama aliuziwa kwa bei nafuu.

Jambo hili si dogo. Nyasi zikaukapo wakati wa kiangazi, fosforasi iliyomo ndani yake hupungua. Ng'ombe anayeikosa hukonda, hukawia kushika mimba, na huanza kutafuna mifupa porini. Katika miaka ya 1920, huko Afrika Kusini, Arnold Theiler alionyesha kwamba ng'ombe waliokuwa wakifa kwa wingi waliuawa na sumu iliyotokana na mizoga na mifupa waliyotafuna, na kwamba kilichowasukuma kuitafuna ni njaa ya fosforasi. Karibu zaidi na sisi, ng'ombe wa Nakuru, Kenya, walidhoofika wakiwa katikati ya majani mengi kwa sababu malisho yao yalikosa kobalti.

Lakini kuzidisha nako ni hatari. Ng'ombe wa nyama huhitaji takriban miligramu 0.1 ya seleniamu katika kila kilo ya chakula kikavu. Kikomo cha usalama huhesabiwa kuwa miligramu 5. Shaba inayomfaa ng'ombe huweza kumwua kondoo. Mawe ya fosfati yakisagwa bila kuondolewa floridi, huharibu meno na mifupa ya mifugo. Hapa hapana nafasi ya kubahatisha.

Sheria tunazo. Sheria ya maeneo ya malisho na rasilimali za vyakula vya mifugo ya mwaka 2010 ilitungwa ili, pamoja na mambo mengine, kusimamia ubora wa vyakula hivyo. Shirika la Viwango Tanzania, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1975, lipo kwa kazi ya kuweka viwango. Hata hivyo, sheria haitembei yenyewe kwenda dukani. Hupelekwa na watumishi.

Tunashauri mambo matatu yasimamiwe bila ajizi. Kwanza, kila mfuko uandikwe kwa Kiswahili, na utaje gramu au miligramu za kila madini katika kilo moja. Maneno kama "madini yote muhimu" hayamwambii mfugaji lolote. Pili, utaje kiasi cha kulambwa kwa siku, maana bila hicho hesabu haikamiliki. Tatu, utaje mtengenezaji, tarehe, namba ya toleo, na wanyama wasiopaswa kupewa.

Wapo watakaosema kwamba masharti haya yatapandisha bei. Na tupige hesabu. Mfuko mmoja una fosforasi asilimia 6. Ng'ombe akilamba gramu 50, hupata gramu 3. Mfuko mwingine wa uzito ule ule una asilimia 2. Kwa kiasi hicho hicho hupata gramu 1. Mfuko huu wa pili, hata ukiuzwa kwa nusu ya bei ya ule wa kwanza, humtoza mfugaji mara moja na nusu kwa kila gramu ya fosforasi. Ule unaoitwa rahisi ndio ghali, na aliyeficha tarakimu ndiye anayefaidika.

Ndiyo maana wakaguzi wasiridhike na kusoma karatasi ofisini. Wachukue sampuli madukani na minadani, zipimwe maabara, na matokeo yatangazwe ili wafanyabiashara waaminifu wasichafuliwe pamoja na matapeli. Maofisa ugani wawasomee wafugaji maandishi ya mifuko na kuwafafanulia. Nao walimu wa sehemu za ufugaji wana somo la asilimia lililo tayari: mtoto anayeweza kuifanya hesabu hiyo hapo juu atamwokolea baba yake fedha.

Mfugaji ametimiza wajibu wake kwa kulipa. Ni haki yake kujua alicholipia, na ni wajibu wa watumishi wa umma kuhakikisha kwamba kilichoandikwa nje ya mfuko ndicho kilichomo ndani.