Tumbo si nguo ya kupeleka kwa fundi

KISANGANI – Matangazo yanapita katika simu za wamama wa Makiso na Mangobo: picha mbili, tumbo lenye kulegea upande mmoja, tumbo bapa upande mwingine, na maneno ya kwamba kisha siku chache mama anarudi kazini. Hizo siku chache ni uongo.

Kupunguza tumbo ni upasuaji mkubwa. Munganga anakata ngozi kutoka nyonga moja hadi nyingine, anaiinua mpaka karibu na mbavu, anavuta misuli na kuishona, kisha anatupa ngozi iliyozidi. Mama atatembea ameinama siku nyingi, na kwa wiki sita hivi hataruhusiwa kubeba beseni la maji wala mtoto. Nani atamchotea? Akibeba mimba tena, tumbo linaweza kurudi lilivyokuwa, na feza imekwisha kwenda.

Tangazo halisemi pia kuhusu damu kuganda miguuni na kupanda hadi mapafu. Jambo hilo linaweza kumkuta mama akiwa amekwisha kutoka hospitali, hata ndani ya ndege ya kurudi Bangoka. Kuna maji yanayojikusanya chini ya ngozi, kuna kidonda chenye kuoza, zaidi kwa mgonjwa wa sukari. Mrija wa kunyonya mafuta unaweza kutoboa utumbo. Nairobi, Oktoba 2024, mwanamke alikufa kisha kutolewa mafuta, na baraza la madaktari la Kenya likafunga kliniki. Kule California, 2007, Donda West, mama ya mwimbaji Kanye West, alikufa siku moja kisha upasuaji wa urembo wa tumbo na matiti. Yeye hakukosa feza.

Henia ya kitovu, au kovu la sezariyeni lililoachana ndani, ni jambo lingine: huo ni ugonjwa. Tangu 2023 vita vya Wambole na Walengola vimefukuza jamaa nyingi kutoka Lubunga. Mama mhamaji mwenye henia, akikosa feza, anakaza kikwembe na kungoja. Huku ng'ambo, likelemba nzima inamezwa na wakala asiyetaja hata jina la dokta!

Basi aulizwe, kabla ya kupokea franka moja: dokta ni nani? Nani atatoa dawa ya usingizi? Na kidonda kikifunguka usiku, hapa Kisangani, yeye wakala atapokea simu?